Kaka Yangu Hakuwa Stelingi

Mikumi,
6 Machi 2005

Mdogo wangu Nalepo,

Kama umesimama, tafuta pa kukaa kwanza.

Unalikumbuka lile daftari lako lenye jalada la kijani? Siku nilipomaliza kidato cha nne ulinitupia mapajani, ukasema, "Soma, dada, halafu nirudishie," ukakimbilia bwenini kama umeiba. Nililisoma ndani ya basi, nikalia mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama natoka msibani. Nikalisoma tena nyumbani Zombo, nikamsomea na mdogo wangu Dotto, naye akalia, na Dotto unamjua, halii hata akichapwa.

Sasa sikiliza. Nimepata kazi hapa Mikumi kwa Bwana Gabrieli. Ana duka la kukodisha kanda kando ya barabara kuu, na nyuma ya duka kuna banda la video lenye mabenchi. Mwaka jana alinunua kamera, akapiga harusi mbili tatu, kisha akasema kwa nini tuwape watu sinema za Wachina kila siku wakati na sisi tuna midomo? Akatafuta hadithi. Nikampa daftari lako.

Nalepo, imekuwa sinema! Tumeipiga wiki tatu. Daftari lenyewe ndilo tulilolishika mkononi kila siku. Bwana Gabrieli amecheka sana mwandiko wako. Anasema unakandamiza kalamu kama karani anayegonga mhuri, ndiyo maana unaandika upande mmoja tu wa karatasi, wa pili umejaa manundu. Lakini hadithi ameipenda. Mimi ndiye dada wa stelingi, yule kijana wa mtoni. Ninasimama ukingoni ninaita "Lenku! Lenku!" mpaka sauti imenikauka. Mto tuliopigia ni mdogo, lakini kwenye kanda unaonekana mkubwa.

Jumapili tuliionyesha bandani. Watu walijaa mpaka madirishani. Sinema inaitwa LENKU. Si umefurahi?

Ni mimi dada yako,
Kishiwa


Kilosa,
14 Machi 2005

Dada Kishiwa,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa kondakta, kama kawaida. Nimeisoma mara nne nyuma ya jengo la maabara.

Sijui niseme nini. Nilikupa usome wewe. Labda sikusema vizuri. Mimi nikisema jambo kwa mdomo huwa linatoka nusu, unanijua.

Sijakasirika sana. Ila nina ombi moja, na tafadhali usilicheke. Jina la yule kijana libadilishwe. Aitwe jina lolote lile, hata mkimwita Juma sitalalamika. Jina lile lisiandikwe kwenye kava wala lisiitwe kwenye spika. Sababu nitakueleza tukionana, kwa maana si jambo la kuandika kwenye barua inayopita mikononi mwa watu.

Na daftari langu nalihitaji. Tafadhali lilinde lisilowe wala lisichanike.

Walimu wazima. Mwalimu wa Kiswahili amehamishiwa Mvumi, na tangu hapo hakuna anayetukopesha vitabu.

Mdogo wako,
Nalepo


Mikumi,
2 Aprili 2005

Nalepo mwenye aibu zako,

Ati Juma! Nimemsomea Bwana Gabrieli ombi lako, akacheka mpaka akakohoa. Anasema, "Nani atanunua kanda ya Juma? Juma wako kumi na wawili mtaa huu peke yake." Jina la Lenku limeshashika, mdogo wangu. Madereva wa malori ya miwa wanaotoka Kidodi wakipita dukani hawaulizi hata habari za asubuhi, wanauliza, "Lenku ipo?" Watoto wanaruka kwenye mitaro ya maji wakijiita Lenku. Wewe uliyelitunga jina hilo unataka kulitupa?

Halafu kuna habari nyingine. Ile siku ya kwanza, picha ilipoisha na Lenku akazama na yule ndama wa mwisho, banda zima lilikasirika. Jamaa mmoja alisimama juu ya benchi akadai kurudishiwa kiingilio. "Stelingi hafi!" alisema. "Nimeangalia picha tangu nikiwa darasa la pili, sijaona stelingi anakufa na maji!" Wakamuunga mkono. Hata mimi, nikikuambia ukweli, nilikuwa upande wao. Ulimuua mapema mno, Nalepo. Ungemwacha tukamzoea kidogo.

Basi tunapiga Sehemu ya Pili: LENKU AMERUDI! Hakufa. Maji yalimbeba mpaka mbali, akatokea kwenye mashamba ya miwa, lori likamwokota, lakini kichwa kiligonga jiwe, kwa hiyo hakumbuki kwao. Anakwenda mjini, tajiri mmoja wa kike anampenda. Mimi dada yake bado namtafuta. Nina maneno mengi kuliko sehemu ya kwanza, na nimeshonewa gauni.

Safari hii tutaileta mpaka Kilosa. Bwana Gabrieli amekodi pikapu, ameifunga spika mbili, na mtangazaji ni mimi. Utanisikia hata ukiwa darasani.

Daftari lipo. Tunalihitaji kidogo, kuna maelezo ya boma tunanakili.

Dada yako stelingi mdogo,
Kishiwa


Kilosa,
14 Juni 2005

Kishiwa,

Sikusalimu. Salamu nimezitafuta na sikuzipata.

Nilikuomba jambo moja. Nilikuomba tarehe kumi na nne Machi, kwa maneno yanayosomeka. Ukaenda ukamsomea bosi wako, mkacheka.

Nitakueleza sasa, kwa sababu kuficha hakuna maana tena. Sikulitunga lile jina. Ni jina la kaka yangu, tumezaliwa tumbo moja. Alikufa maji hapa mtoni Mkondoa, masika ya mwaka elfu mbili na mbili, akivusha ndama. Mimi na wewe tulikuwa bado hatujakutana shuleni. Hakuna hata mstari mmoja niliotunga katika daftari lile. Hata huyo ndama wa mwisho alikuwa wa mama, mwekundu, mwenye doa jeupe usoni.

Kwetu kijana akifa kabla hajaoa wala kuzaa, jina lake halitajwi tena. Kama kuna mwingine nyumbani mwenye jina hilo, hubadilishiwa. Mtoto wa mjomba alibadilishiwa wiki ile ile. Kwa miaka mitatu nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka. Baba akitaka kumtaja husema "yule". Mama hasemi hata "yule".

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa naogopa nitalisahau. Nikafikiri mdomo ndio uliokatazwa, kalamu hakuna aliyeikataza. Nikaliandika. Niliandika kwa kukandamiza, ndiyo, mwambie bosi wako aendelee kucheka. Lile daftari ndilo lililokuwa mahali pake.

Jumamosi iliyopita mama alikuwa gulioni na vibuyu vyake vya maziwa. Mimi nilikuwa naye, tuko likizo. Pikapu lenu likaingia upande wa mnadani. Nikakusikia. Nilikujua kabla sijakuona, kwa jinsi unavyovuta maneno. Ukasema, "Lile jina! Lile jina amerudi! Hakufa na maji! Yuko hai, njooni mumwone kesho saa nane!" Sikulirudia hapa, lakini wewe ulilirudia kwenye spika mbili, na mkazunguka gulio mara tatu.

Mama anajua Kiswahili cha kuuzia maziwa. "Amerudi" anaijua. "Hakufa" anaijua. Kishiwa, mama yangu alisimama. Aliacha vibuyu chini akalifuata gari. Alikwenda mwendo wa kawaida, kama anayefuata ng'ombe, mkono mmoja mbele. Alilifuata mpaka kwenye kivuko cha reli, ndipo alipoona picha iliyobandikwa mlangoni: mwanamume mnene aliyevaa shuka kama taulo la kuogea, kashika simu.

Hakulia. Tuliokota vibuyu, viwili vilikuwa vimemwagika. Tulipofika nyumbani akavua hereni, akachukua wembe, akanyoa kichwa chote. Alinyoa hivyo siku tulipomzika. Hiyo ndiyo Sehemu ya Pili ya kwetu.

Jumapili nilikwenda peke yangu kwenye banda la video la hapa Kilosa. Nilijifunika khanga nikakaa benchi la nyuma. Mimi ambaye siwezi kusoma kwa sauti mbele ya darasa niliingia kati ya wanaume wanaovuta sigara, kwa sababu nilitaka kujua mmemfanya nini. Nikaona. Mama yake anamshika mkono kule mjini, na yeye anamwambia, "Mama, wewe ni nani? Mimi taka ng'ombe tu." Banda zima likacheka. Jirani yangu akapiga mapaja akasema, "Huyu Mmasai ni balaa!" Na kaka yangu alikuwa anazungumza Kiswahili kizuri kuliko huyo mwigizaji wenu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma saa.

Na dada yake, anayelia ukingoni, ni mimi. Umeniigiza bila kujua ni mimi.

Mnasema stelingi hafi. Kaka yangu hakuwa stelingi. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakujua kuogelea.

Nalepo


Kilosa,
20 Juni 2005

Kwa Bwana Gabrieli,
Duka la Kanda,
Mikumi.

Shikamoo.

YAH: KUONDOA JINA LA MHUSIKA

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na ndiye mwandishi wa hadithi uliyoifanya sinema bila kuniuliza.

Naomba mambo mawili. Kwanza, jina la kijana liondolewe kwenye kanda, kwenye kava na hasa kwenye matangazo ya spika, kwa kuwa ni jina la marehemu ambalo katika desturi ya familia yangu halitajwi, na kutajwa kwake kumemuumiza mama yangu. Pili, nirudishiwe daftari langu la kijani.

Pia naomba usitengeneze sehemu nyingine. Hadithi ile ilikuwa na mwisho. Haikuisha kwa sababu karatasi zilikwisha. Karatasi zilibaki arobaini na tisa. Iliisha kwa sababu alikufa.

Sihitaji malipo ya aina yoyote.

Wako mtiifu,
Nalepo


Mikumi,
4 Julai 2005

Binti Nalepo,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimefurahi kuona vijana bado wanajua kuandika barua rasmi.

Pole sana kwa msiba, ingawa ni wa siku nyingi. Hata hivyo nina machache ya kukufahamisha.

Zamani hapa nchini tulipanga foleni, na anayegawa ndiye aliyeamua tule nini na tuangalie nini. Siku hizi biashara ni huria. Anayeamua ni mteja. Mteja haulizi hadithi, binti yangu, anauliza jina. Lenku sasa ni kama chapa ya sabuni. Ukibadilisha chapa, mtu anadhani sabuni imebadilika, hata kama povu ni lile lile. Kava za Sehemu ya Tatu zimeshachapwa Dar es Salaam.

Katika Sehemu ya Tatu tutamwonyesha pacha wake. Huyo ni mbaya, yule wa kwanza ni mzuri, na mama hawezi kuwatofautisha. Ya Nne imo kichwani. Watu wa Morogoro wameniuliza kama nitafika hata ya Saba. Ukiwa na wazo lolote kwa ajili ya ya Nne, karibu sana, tutaandika jina lako kwenye kava kwa herufi za kuonekana.

Suala la ruhusa linanishangaza. Kabla hatujaanza nilimwuliza Kishiwa kama mwenye hadithi anajua. Akanihakikishia kwamba umeridhia kwa furaha na kwamba unatusalimu. Kama si hivyo, hilo ni baina yenu wasichana.

Tutakuja Kilosa tena na gari la matangazo mwezi wa tisa. Karibu uingie bure.

Gabrieli


Kilosa,
9 Julai 2005

Kishiwa,

"Ameridhia kwa furaha na anawasalimu."

Nilituma salamu hizo lini? Ulinisikia ndotoni?

Barua yako ya mwezi wa tatu ilikuja picha ikiwa imeshapigwa. Mimi nikajilaumu, nikaandika "labda sikusema vizuri". Kumbe wewe ulikuwa umenisemea tayari! Mtu mwenye aibu mnamwona hana mdomo, kwa hiyo kila mmoja anamkopesha wa kwake.

Hujanijibu tangu Juni. Mwezi wa tisa watarudi na spika. Nywele za mama zimefika nusu ya ukucha. Nataka kujua kitu kimoja tu: nani atakuwa ameshika kipaza sauti?

Nalepo


Mikumi,
30 Julai 2005

Nalepo,

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimezichana.

Ni kweli, nilidanganya. Bwana Gabrieli aliuliza, "Mwenyewe anajua?" na mimi nikaona ukiulizwa utasema hapana, kwa sababu wewe kila kitu unasema hapana kwanza. Ulikataa hata kusoma insha yako siku ya mahafali. Nikafikiri nitakusaidia. Nikafikiri utaliona jina lako kwenye kava, utanuna wiki moja, kisha utafurahi. Na nilitaka kuigiza. Hilo nalo ni kweli, na nimeona nisilifiche chini ya lile la kukusaidia.

Kwetu Wasukuma mambo ni kinyume. Mimi ni Kishiwa kwa sababu bibi yangu alikuwa Kishiwa, akafa kabla sijazaliwa. Baba akiniita anafurahi, anasema mama yake hajapotea. Kwa hiyo hata ungeniambia mapema kwamba ni jina la marehemu, mimi mjinga ningesema, vizuri, tumwite kwa nguvu zaidi! Nilimtangaza mara tatu kuzunguka gulio na nilikuwa najivunia sauti yangu. Nilimwona mama mmoja mwenye shuka anatufuata. Nilimpungia mkono.

Sijui nitaiweka wapi hiyo.

Uliuliza nani atashika kipaza sauti. Nitakishika mimi. Nikikataa sasa, ataweka mwingine, na huyo mwingine hatajua kitu. Usimlete mama gulioni siku hiyo kama unaweza. Kama huwezi, basi niamini kidogo. Najua sistahili.

Kishiwa


Kilosa,
8 Agosti 2005

Kishiwa,

Siwezi kumzuia mama asiende gulioni. Tunaishi kwa maziwa hayo. Na nikimzuia itabidi nimwambie sababu, na sababu ina jina.

Sikuamini. Ila sina mwingine.

Nalepo


Zombo,
19 Septemba 2005

Nalepo,

Labda ulikuwa shuleni, labda hukusikia. Nakueleza mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Jumamosi tuliingia gulioni saa nne asubuhi. Bwana Gabrieli yuko mbele na dereva, mimi nyuma na spika. Alikuwa ameniandikia maneno kwenye karatasi, jina limo mara kumi na moja. Nikaikunja nikaikalia.

Nikamwona mama yako. Safari hii nilijua ni yeye. Kichwa chenye nywele fupi, vibuyu vitano. Aliposikia spika zinakwaruza alinyanyuka nusu. Nikasema, "Wapendwa wa Kilosa! Yule kijana mliyemwona, sehemu ya tatu imefika! Yule!"

Mtu akapiga kelele kutoka kwa wauza viatu, "Yule nani? Hana jina?"

Nikasema, "Yule wa mtoni!"

"Sema jina, dada, umelipwa usahau?"

"Ni yule!"

Wakaanza kucheka, wakaimba "Yule! Yule!" huku wanapiga makofi, na wengine wakaitika kutoka upande wa nyanya. Mama yako alisikiliza kidogo. Kisha akaketi, akampimia mteja maziwa. Nakuapia, aliketi.

Gari likasimama. Bwana Gabrieli akashuka akazunguka nyuma nilipokuwa. "Wewe Kishiwa, una wazimu? Sema lile jina!" Hapo alilitaja mwenyewe, mimi siliandiki, lakini bila spika, na tulikuwa tumeshafika kwa mafundi baiskeli. Nikakiweka kipaza sauti chini. Akaniambia nishuke. Nikashuka. Nilirudi mpaka nyumbani Zombo, nusu kwa mguu, nusu nyuma ya baiskeli ya mtu wa huko. Kazi sina. Sehemu ya Nne dada wa stelingi ataigizwa na Jenipher, yule wa saluni. Watasema niliungua uso nikafanyiwa upasuaji.

Kava zile zimechapwa, na kanda inaitwa vile vile. Hilo sikuliweza. Lakini Kilosa hawatakuja tena na spika. Aliponishusha alisema watu wa Kilosa wamemfanya kituko, hata watoto wanamzomea "Yule!" akipita.

Nakurudishia daftari lako. Nililichukua dukani kabla ya safari, nilijua sitapata nafasi nyingine. Na nimefanya kitu ili nikuombe radhi. Nilikaa siku mbili na wembe mpya, nikakwangua jina kila mahali lilipo. Mara tisini na moja. Nimefanya taratibu, kama tulivyokuwa tunakwangua makosa kwenye madaftari ya mazoezi, hakuna hata ukurasa mmoja uliotoboka. Sasa hakuna atakayelisoma tena. Liko kama desturi yenu inavyotaka.

Nisamehe ukiweza.

Kishiwa


Kilosa,
2 Oktoba 2005

Kishiwa,

Asante kwa gulio. Hilo naliandika kwanza, kwa sababu baada ya hapa sitaweza. Mama alirudi na vibuyu vitupu na hakuniuliza lolote.

Sasa daftari. Kishiwa, umefanya nini?

Nilikuandikia mwezi wa sita, nenda kasome: "Lile daftari ndilo lililokuwa mahali pake." Nilificha nini hapo? Lilikuwa halitakiwi midomoni mwa watu. Kwenye karatasi ndiko nilikolihifadhi. Duniani kote lilikuwa limebaki sehemu mbili, kwenye kanda za bosi wako na kwenye daftari langu, na wewe umeziacha kanda ukakwangua daftari! Siku mbili, na wembe mpya, taratibu. Ungekuwa mvivu ningekushukuru.

Nilipolifungua nilikuwa nyumbani, Jumapili, tumepewa ruhusa. Nilikaa mlangoni nikafungua ukurasa wa kwanza, kuna weupe katikati ya mstari. Wa pili, weupe. "Akasimama," halafu weupe, "akaangalia maji." Nikapiga kelele. Mimi. Mama akatoka ndani anakimbia, alidhani nyoka.

Mama hajui kusoma. Hajawahi kuuliza habari za madaftari yangu. Lakini aliona weupe ule, akaketi karibu, akaniuliza kwa lugha yetu, "Hapa pamefanywa nini?"

"Pamekwanguliwa kwa wembe."

"Palikuwa na nini?"

Nikaufunika weupe ule kwa kiganja. Nilikuwa natazama chini. Alinitazama muda mrefu, Kishiwa, na nikajua kwamba anajua. Nilijiandaa. Nilifikiri atachukua daftari alitie motoni, na angekuwa na haki.

Alichukua ule ukurasa akaupapasa, kama anavyopapasa ngozi ya ndama akitafuta kupe. Akaugeuza. Upande wa nyuma, ule wa manundu, ambao sikuandika kitu. Akapitisha kidole pole pole. Kikasimama. Kikarudi. Akasema, "Bado yupo huku."

Nikaweka kidole changu pale kilipokuwa chake. Wino wote umeutoa, lakini kalamu yangu ilikuwa imeshapita. Mlinicheka kwa kukandamiza. Kila herufi ilikuwa imevimba upande wa pili, imegeuka, ya mwisho imekuwa ya kwanza. Haisomeki kwa macho, labda ukiielekeza kwenye mwanga mkali. Kwa kidole inasomeka.

Mama akauliza ziko ngapi. Nikasema tisini na moja. Akasema, "Nionyeshe." Tukapitia ukurasa baada ya ukurasa, mimi namwekea kidole mahali, yeye anapapasa. Hakutamka. Mimi pia sikutamka. Tulipofika ukurasa wa arobaini na saba, ambapo hadithi inaisha, aligeuza ule unaofuata akaona mtupu, akapapasa pia, akakuta laini. "Hapa hayupo?"

"Hapa iliisha, mama."

Akatikisa kichwa kukubali. Alilifunga daftari mwenyewe, akaliweka kwenye sanduku lake la bati, akakaa na funguo. Miezi mitatu bosi wako amekuwa akimtafutia kaka yangu sehemu ya tatu na ya nne. Mama yangu ambaye hajui hata a aliuona mwisho, akaukubali.

Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa kudanganya, kwa kumpungia mama mkono, na kwa wembe zaidi ya yote. Nimejaribu kuandika hasira zote kwenye barua na naona hazitoshi, zinanilazimu nizitoe kwa mdomo, jambo ambalo sijawahi kufanya kwa mtu. Kwa hiyo njoo likizo ya Desemba. Mama anajua sauti yako. Nimemwambia mtangazaji atakuja. Amesema utakunywa maziwa kwanza, kisha ndipo nikugombeze.

Ukija, usilete wembe.

Nalepo